Joseph Kasa-Vubu, bourgmestre wa Dendale ambaye hakurudi kuomba kura

Huku kwetu, kwenye barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale, watu wanamjua vizuri mgombea anayerudi. Mara ya kwanza alikuja na fulana zenye picha yake, na chumvi, na sabuni, na ahadi ya daraja. Miaka inapita. Siku moja gari linasimama tena sokoni, yeye huyo, amenenepa kidogo, anaomba muhula wa pili. Siku ile ndipo raia anapata nguvu. Anaweza kumuuliza: baba, lile daraja liko wapi? Akiona jibu ni zuri, anampa kura. Akiona ni maneno tu, anampa mwingine.

Lakini je, kama siku ile haifiki? Tarehe 20 Desemba 2023 nchi nzima ilienda kupiga kura. Territoire ya Masisi haikupiga, juu ya vita. Ilikuwa vilevile kwa Rutshuru, na kwa Kwamouth kule Mai-Ndombe. Walikale walipiga. Huku Kibua, ambako Masisi na Walikale zinagusana, mtu aliweza kupiga kura na shemeji yake wa ng'ambo ya mpaka akabaki na mikono mitupu. Yule wa Masisi hakupata nafasi ya kumuuliza mtu yeyote juu ya daraja.

Ndio maana wiki hii tunawaletea maisha ya mzee Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa Kongo huru. Wengi huku mashariki wanamkumbuka kwa jambo moja tu: ndiye aliyemwondoa Lumumba. Wachache wanajua kama kazi yake ya kwanza ya siasa ilikuwa bourgmestre wa komini moja ya pembeni ya mji. Na wachache zaidi wanajua kama mara mbili katika maisha yake alifika kwenye mlango wa muhula wa pili, na mara zote mbili raia hawakupata kumhukumu kwa kura. Mara ya kwanza yeye mwenyewe alikataa. Mara ya pili alitaka, askari wakafunga mlango.

Mtoto wa Mayombe

Kasa-Vubu alizaliwa katika kijiji cha Kuma-Dizi, upande wa Tshela, ndani ya misitu ya Mayombe, karibu na bahari ya Atlantiki. Ni mbali sana na sisi, mwisho mwingine wa nchi. Mwaka wa kuzaliwa kwake vitabu havipatani: vingine vinasema 1910, vingine 1913, 1915 au 1917. Wakati ule mtoto wa kijijini hakuandikwa mahali popote siku ya kuzaliwa. Hata leo kwetu wako watoto wengi wa namna hiyo, na wakifika shule au siku ya kuandikwa kwa kura, taabu inaanza.

Alisoma kwa mapadri wa Scheut kwenye misioni ya Kizu, akabatizwa 1925 na kupewa jina la Joseph. Mapadri waliona ana akili, wakampeleka seminari ndogo ya Mbata-Kiela mwaka 1928. Mwaka 1936 akapelekwa seminari kubwa ya Kabwe, kule Kasai, kusoma filosofia. Alitaka kuwa padri. Lakini 1939 wakubwa wa seminari walimrudisha nyumbani. Kwa kijana wa wakati ule, kurudishwa kutoka seminari ilikuwa haya kubwa mbele ya familia na kijiji kizima. Yeye hakupiga kelele. Alirudi Mayombe, akafundisha, akafanya kazi kidogo kwenye kampuni ya kilimo na misitu, na tarehe 10 Oktoba 1941 akamwoa Hortense Ngoma Masunda kwenye misioni ya Kangu.

Mwaka 1942 aliingia kazi ya Leta. Akawa karani wa fedha mjini Leopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa.

Karani katika mji unaovimba

Leopoldville wakati ule ilikuwa inavimba. Mwaka 1940 ilikuwa na watu karibu 50,000 hivi. Ulipofika uhuru walikuwa karibu 400,000. Miaka 20 tu. Watu walikuja kutoka Bas-Congo, kutoka juu ya mto, kutoka Kasai, kutafuta kazi. Yeyote aliyeona Goma ikikua kwa wakimbizi wa Masisi na Rutshuru anaelewa bila maelezo: parcelle juu ya parcelle, bomba moja la maji kwa watu mingi, vijana bila kazi kwenye kila kona.

Wazungu walikaa mahali pao, na waafrika mahali pao, palipoitwa cité. Usiku mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea kwenye mtaa wa wazungu bila karatasi. Cité ilipojaa, Leta ilikata mitaa mipya upande wa kusini. Dendale ilikuwa mmoja wa mitaa ile.

Kasa-Vubu hakuwa mtu wa kelele. Wote waliomjua wanapatana juu ya jambo hili: alisema kidogo, kwa sauti ya chini, bila haraka. Watu wengi walidhani ukimya ule ni udhaifu. Wabelgiji walikosea hapo, na baadaye wakongomani wenzake pia walikosea.

Juu ya ardhi alianza kusema mapema. Mwaka 1946, mbele ya wasomi wenzake wa chama kilichoitwa UNISCO, alitoa hotuba juu ya haki ya mwenye kufika wa kwanza. Maana yake ilikuwa hii: ardhi ni ya wale waliokuwa juu yake tangu zamani, na Leta haiwezi kuichukua sawa vile haina mwenyewe. Wakubwa wa Leta walichukia. Sisi wa Masisi na Walikale hatuna lazima ya kuelezewa juu ya nini neno kama lile ni moto. Ardhi na swali la nani alifika wa kwanza limeua watu wetu tangu miaka mingi. Kwa Kasa-Vubu neno lile lilikuwa silaha mbele ya mkoloni. Lakini ni silaha inayoweza kugeuzwa pia kwa jirani, na hilo tutaliona mbele.

Mwaka 1950 Edmond Nzeza-Nlandu alianzisha Abako, chama cha kulinda lugha na desturi za Bakongo. Tarehe 21 Machi 1954 Kasa-Vubu akawa rais wake. Kwa mkono wake chama cha lugha kikageuka kuwa chama cha siasa. Mwaka 1956 wasomi wengine wa Leopoldville waliandika tangazo la kuomba uhuru uje polepole, kwa kufuata wazo la profesa mmoja wa Ubelgiji, Van Bilsen, aliyetaja miaka 30. Mnamo Agosti ya mwaka ule Abako ikajibu: miaka 30 hapana, tunataka uhuru sasa. Kwa Kongo ya 1956, hiyo haikuwa mchezo.

Kura ya kwanza, Desemba 1957

Mwaka 1957 Ubelgiji ilifungua dirisha dogo. Dekreti ya 26 Machi iligawa miji mikubwa katika komini, na kila komini ingekuwa na washauri wanaochaguliwa. Washauri wangempendekeza bourgmestre, na Leta ingemthibitisha. Ilianza na miji 3: Leopoldville, Elisabethville na Jadotville, yaani Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo. Mwaka 1958 zamu ikafika miji mingine, na Bukavu na Stanleyville zilikuwemo.

Dirisha lilikuwa dogo kweli. Waliopiga kura ni wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Mama aliyeuza mihogo sokoni Dendale, aliyejua kuliko mtu yeyote bei ya maji na ya chumba, hakuwa na kura. Na juu ya mabourgmestre wote aliwekwa bourgmestre mkubwa wa mji, mzungu, aliyechaguliwa na Leta, sio na raia. Bourgmestre wa komini aliweza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, kusimamia bajeti ndogo na kupokea malalamiko ya watu wake. Mambo makubwa ya mji na usalama yalibaki juu.

Abako ilishinda kwa wingi mkubwa Leopoldville. Bakongo walipiga kura pamoja sawa mtu mmoja, na makabila mengine yalijigawa. Kasa-Vubu akawa bourgmestre wa Dendale. Arthur Pinzi akachukua Kalamu, Gaston Diomi akachukua Ngiri-Ngiri.

Hapa tusimame kidogo, juu jambo hili linatugusa. Kura ile ya kwanza ilikuwa kura ya makabila. Hakukuwa na vyama vya nchi nzima, basi kila mtu alimtafuta ndugu yake kwenye karatasi. Elisabethville ilikuwa vilevile, lakini kwa kinyume: mabourgmestre waafrika walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao Kasai. Wenyeji wa Katanga waliona wamenyang'anywa mji wao. Mwaka 1958 wakaanzisha chama chao, Conakat, na huko ndiko Moïse Tshombe alipopatia nguvu. Unaona ginsi kura ndogo ya komini ilivyoacha jeraha ambalo miaka 2 baadaye likawa Katanga kujitenga na nchi. Mtu akikuambia kwamba kura ya komini ni kitu kidogo, mkumbushe jambo hili.

Siku ya 20 Aprili 1958

Kasa-Vubu aliingia rasmi kwenye kiti chake tarehe 20 Aprili 1958. Kwa kawaida siku kama ile bourgmestre mpya alisema asante kwa Ubelgiji, akaahidi usafi wa mitaa, watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa. Kasa-Vubu, yule mtu wa kimya, alisimama akaomba mambo ambayo komini haina uwezo wa kutoa: kura ya nchi nzima, na Wakongo kujiongoza wenyewe ndani ya nchi yao. Aliweka wazi kwamba hakuna demokrasia ya kweli kama wanaotawala bado ni makarani wa Leta na sio watu waliochaguliwa na raia.

Leta ilimkemea kwa barua rasmi. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha toka. Watu wa cité waliyabeba nyumba kwa nyumba.

Hapo njo tunaelewa kazi aliyoiona kwenye kiti kile. Hakukidharau, alikitumia. Alijua hawezi kuwapa watu wa Dendale maji ya kutosha wala kazi, kwa sababu ufunguo wa sanduku haukuwa mkononi mwake. Basi alitumia kiti kuuliza kwa sauti: ufunguo uko kwa nani?

Mwezi wa 12 mwaka 1958 viongozi wa Afrika walikutana Accra, Ghana, kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah. Kasa-Vubu alitaka kwenda. Alizuiliwa kwa sababu ya karatasi za chanjo. Patrice Lumumba alienda, akarudi na jina kubwa. Wengine wanasema historia ya Kongo iligeuka kidogo kwenye karatasi ile ya chanjo.

Jumapili ya damu

Tarehe 4 Januari 1959, siku ya Jumapili, Abako iliita mkutano kwenye jengo la YMCA. Mkubwa wa mji, Jean Tordeur, alikuwa ameonya kwamba kama ni mkutano wa siasa, ruhusa hakuna. Watu walifika kwa maelfu. Kasa-Vubu akawaambia mkutano umeahirishwa, waende nyumbani. Watu wakakasirika. Saa ileile mechi ya mpira ilikwisha kwenye uwanja wa karibu, na mashabiki wakamwagika barabarani. Vijana bila kazi, njaa, hasira ya miaka, vyote vikakutana. Maduka yakavunjwa, misioni zikashambuliwa, askari wakapiga risasi.

Hesabu ya Leta ilisema waliokufa ni karibu 50. Watu wa cité walisema ni zaidi sana.

Kasa-Vubu alikamatwa siku chache baadaye, pamoja na viongozi wengine wa Abako. Chama kikafungwa. Bourgmestre wa Dendale akatoka ofisini, akaingia gereza. Lakini tarehe 13 Januari mfalme Baudouin alitangaza kwenye redio kwamba Ubelgiji itaipeleka Kongo kwenye uhuru. Siku 9 baada ya damu ile. Wazee wengi waliona hapo kwamba mkoloni haelewi barua, anaelewa moto tu, na fundisho lile baya bado linatutesa hata leo huku kwetu.

Mnamo Machi walimtoa gerezani, wakampeleka Ubelgiji. Mwezi wa 5 alirudi, na Leopoldville ilimpokea sawa mfalme. Watu walianza kumwita mfalme Kasa.

Muhula wa pili aliokataa

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala hii. Leta ilipanga kura mpya ya washauri wa komini na wa territoire kwa mwezi wa 12 mwaka 1959. Kasa-Vubu angeweza kusimama tena. Na angeshinda bila kutoka jasho. Mtu aliyefungwa juu ya raia wake, anayepokelewa kwa nyimbo, nani angemshinda Dendale?

Alikataa. Abako ikaamuru watu wake wasiende kupiga kura. Chama cha PSA cha Antoine Gizenga na MNC ya Albert Kalonji vilikuwa upande huohuo. Sababu yao ilikuwa hii: kura inayopangwa na mkoloni, kwa viti visivyo na uwezo, ingempa mkoloni nafasi ya kusema Wakongo wamekubali mwendo wake. Huko Bas-Congo watu walikuwa wamekwisha acha kulipa kodi na kuwasikiliza wakubwa wa Leta. Siku ya kura, Leopoldville na Bas-Congo yote, wengi walikaa nyumbani. Washauri walioingia walikuwa na watu wachache sana nyuma yao.

Upande wetu mambo yalikuwa tofauti. Stanleyville, Lumumba alikuwa gerezani tangu fujo za mwisho wa Oktoba. MNC yake ilikuwa pia imesema haitapiga kura, kisha ikageuza mawazo, ikaingia, na ikashinda kwa wingi mkubwa sana. Ushindi ule ulionyesha dunia nzima kwamba yule mfungwa ndiye raia wanamtaka. Ulisaidia kumtoa gerezani kwenda Brussels.

Basi nani alikuwa na haki, Kasa-Vubu ama watu wa Lumumba? Wote wawili walipata walichotafuta. Mkutano wa Brussels ulianza 20 Januari 1960, na siku chache tu baadaye tarehe ya uhuru ikapangwa: 30 Juni. Lakini kuna hesabu moja ambayo wakati ule haikufanywa. Watu wa Dendale walimpa Kasa-Vubu kura 1957. Muhula wake ulijaa hotuba, gereza na safari. Kuhusu bomba la maji, barabara, shule ya mtaa, hakuna aliyepata siku ya kumuuliza. Pengine wangempa alama nzuri, juu uhuru ulikuwa mkubwa kuliko bomba. Lakini hawakuulizwa. Na mama muuza mihogo, yeye hakuulizwa hata mara ya kwanza.

Rais wa Leopoldville hadi Luluabourg

Mwezi wa 5 mwaka 1960 ilipigwa kura ya wabunge. Abako ilipata viti 12 tu kati ya 137, kwa sababu ilikuwa chama cha upande mmoja wa nchi. MNC ya Lumumba ilikuwa ya kwanza. Ili nchi ikae sawa, Lumumba alichukua kiti cha waziri mkuu, na tarehe 24 Juni wabunge na masenata walimchagua Kasa-Vubu rais kwa kura 159, Jean Bolikango akapata 43.

Yaliyofuata mnayajua. Askari waliasi siku chache baada ya sherehe, Katanga ikajitenga tarehe 11 Julai. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alisema kwenye redio kwamba amemwondoa Lumumba. Lumumba naye akasema kwenye redio kwamba amemwondoa Kasa-Vubu. Tarehe 14 Mobutu akasema amewasimamisha wote wawili, lakini kwa kweli Kasa-Vubu alibaki kwenye kiti chake. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Hatuwezi kuandika maisha ya Kasa-Vubu na kuficha jambo hili. Alikuwa rais wa nchi wakati waziri mkuu wake alipopelekwa kwa maadui wake. Wengi huku mashariki hawakumsamehe, na wana sababu zao.

Alibaki rais miaka 5. Aliona Katanga ikirudi, aliona katiba ya Luluabourg ya 1964, aliona vita vya Simba vilivyochoma mashariki yote. Hakuwa tajiri, hilo hata waliomchukia wanalikubali.

Muhula wa pili aliotaka

Mwaka 1965 mlango ulifunguka tena. Kura ya rais ilikuwa inakaribia, na safari hii Kasa-Vubu alitaka kuendelea. Lakini alikuwepo Tshombe, waziri mkuu tangu 1964, ambaye watu wake walishinda kura ya wabunge ya 1965. Kila mtu alijua kwamba Tshombe anatazama kiti cha rais.

Tarehe 13 Oktoba 1965 Kasa-Vubu alimwondoa Tshombe, kwa njia ileile aliyomwondoa Lumumba. Akamweka Évariste Kimba, naye pia mtu wa Katanga. Bunge likamkataa Kimba. Kasa-Vubu akamrudisha Kimba tena. Siasa ikafunga, kila upande ukivuta kamba. Usiku wa 24 kuamkia 25 Novemba, jenerali Mobutu na wakubwa wa jeshi walichukua nchi. Mobutu alisema atakaa miaka 5. Alikaa zaidi ya miaka 31.

Mwaka 1959 Kasa-Vubu alikataa kuhukumiwa kwa kura, na alikuwa na sababu ya kueleweka: kiti kilikuwa cha mkoloni. Mwaka 1965 nchi ilikuwa yetu. Mshindani alikuwepo, wabunge walikuwepo, kalenda ilikuwepo. Njia nzuri ilikuwa kumwacha mpinzani asimame, na yeye asimame, wapimwe. Badala yake alitafuta kumtoa mpinzani kabla ya siku ya kura. Wakati wakubwa wawili walikuwa wanagombana juu ya nani asisimame, wa tatu mwenye bunduki alikuja akawaondoa wote, na kura yenyewe akaondoka nayo.

Mwisho wake

Kasa-Vubu hakuita watu wake kupigana. Alikubali, akapewa kiti cha useneta, akarudi Bas-Congo. Aliishi Boma bila makuu, chini ya macho ya utawala mpya. Alikufa kule tarehe 24 Machi 1969 na akazikwa Singini, huko Mayombe kwao. Jina lake lilinyamazishwa kwa miaka mingi. Leo komini ya Dendale, ile aliyopewa kwa kura 1957 na ambayo hakurudi kuiomba, inaitwa komini ya Kasa-Vubu. Hiyo ni namna moja ya kuchaguliwa tena, lakini ilikuja wakati yeye alikuwa hawezi tena kujibu swali.

Na sisi?

Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na chefferie inasema washauri wa komini wanachaguliwa na raia, wao wanapitisha bajeti ya komini, wao wanamchagua bourgmestre na kumwangalia. Kwenye karatasi ni zaidi ya kile alichokuwa nacho Kasa-Vubu. Lakini mwaka 2023 kura ya washauri ilipigwa tu kwenye komini za miji mikuu ya mikoa. Na Kivu ya Kaskazini, tangu 6 Mei 2021, hali ya dharura iliweka wanajeshi na polisi kwenye viti vya gavana, mameya na wasimamizi wa territoire. Tena vita vikaongeza yake.

Kwa hiyo kazi tuliyo nayo ni kutokusahau. Yeyote atakayekuja kesho kwetu, kwenye barabara hii, kuomba kura mara ya kwanza, tuandike alichoahidi: tarehe, mahali, mbele ya nani. Wamama waandike, vijana waandike, machifu na walimu wa shule waandike. Siku ile ya muhula wa pili ikifika, hata ikichelewa miaka, daftari liwepo. Na mgombea asipotaka kurudi kuulizwa, ama akitafuta njia ya kumzuia mwenzake asisimame, tujue tayari hesabu yake haiko sawa.

Kasa-Vubu alituachia nchi huru, na hilo ni deni letu kwake. Alituachia pia swali ambalo yeye hakulijibu: raia anamhukumu mkubwa wake siku gani, kama siku ya kura haifiki? Jadilianeni nyumbani na kwenye kilabu cha wasikilizaji. Baba na mama, tusiwaache watoto wetu wadhani kwamba viongozi wanabadilishwa kwa bunduki tu.